Kamba Aliyoivuta Miraji

Miraji anauza viatu Stratford. Siku nzima yuko chini, goti moja sakafuni, anabonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba na kuuliza kama kinabana. Kabla hajanijua nilikwenda kumtazama. Nilisimama nyuma ya rafu za viatu vya watoto nikajifanya natafuta namba, kumbe nasikiliza anavyosema na watu. Alikuwa na bibi mmoja wa Kiingereza ambaye kila kiatu kilimkera, na Miraji akaleta boksi juu ya boksi bila kukunja uso. Nikarudi Wembley nikamwambia mume wangu, "Ana subira."

Muhiddin akasema, "Dukani kila mtu ana subira."

Miraji alikuwa anamposa binti yetu, Ibtisam. Kwetu Wete, Pemba, mtu akija kuposa, wazee huuliza. Huuliza msikitini, huuliza kwa jirani, kwa muuza duka, hata kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani kama bado yu hai. Hapa London utamuuliza nani? Jirani yake wa Stratford hata jina lake halijui. Posa aliileta ami yake, Abdulsamad, na ami hawezi kumsema vibaya mtoto aliyemlea. Kwa hivyo Muhiddin aliposikia kwamba kijana ana boti ndogo huko Erith, mtoni, alifurahi kana kwamba ameletewa shahidi.

"Hapo ndipo," alisema. "Mtu mtazame chomboni. Chomboni hakuna pa kujificha."

Boti hiyo Miraji hakuinunua. Aliletwa nchi hii akiwa mdogo, baada ya fujo za Pemba, akalelewa Queensbury na ami yake na mke wa ami, Bi Miska, Mungu amrehemu. Bahari hakuwahi kuijua. Aliyemjulisha maji ni mzee wa Kiingereza aitwaye Leonard, fundi mstaafu, aliyekuwa akija dukani kwa sababu miguu yake ilivimba na hakupata kiatu cha kumtosha. Miraji alimtafutia viatu vipana, akawa anampelekea mwenyewe nyumbani. Leonard akawa anamchukua mtoni. Magoti yalipomshinda mzee kupanda botini, alimwachia Miraji boti na kila alichokijua juu yake.

Tulikwenda Jumapili. Mimi nilipika pilau na kachumbari, nikakaanga maandazi, nikajaza chupa mbili za chai. Ibtisam alicheka. "Mum, tunakwenda Erith, si Pemba."

"Njaa haijui Erith," nikamwambia.

Nisiseme uongo, sikutaka kwenda. Mimi ni mtu wa hofu. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani, na hata ninapomwosha mtu mguu mmoja huwa nawaza ule mwingine usije ukateleza. Nyumbani wananitania. Naangalia jiko mara mbili kabla ya kulala, nampigia Ibtisam simu treni ikichelewa. Siku moja alikasirika akaniambia kwamba hofu yangu itakuja kumuumiza mtu. Alisema kwa hasira tu, akaja kuniomba radhi, lakini neno lile sikulisahau.

Tulifika maji yamekupwa kabisa. Tope lilikuwa limeachwa wazi ufukweni, lina matairi na kitoroli cha dukani kimelala ubavu. Miraji alituvusha kwa kidau mmoja mmoja hadi kwenye boti, ambayo ilikuwa imefungwa kwenye boya. Alituvalisha makoti ya kujiokolea, na kila alipomkaza Muhiddin mkanda alisema, "Samahani, baba." Ibtisam alijifunga mwenyewe. Hao wawili hawakutazamana hata mara moja, na kutotazamana kwao kulinionyesha mengi.

Tukaenda kidogo kwa mashine, kandokando ya mto, hadi mahali palipotulia, nje ya njia ya meli kubwa. Boti nyingine zilikuwa zimetia nanga hapo. Muhiddin aliutazama ukuta wa ufuko, ulikuwa na mstari mweusi juu sana, juu ya vichwa vyetu.

"Leo bamvua?" akauliza.

"Bamvua, baba," akasema Miraji. "Ndiyo siku ya maji makubwa, yatafika kwenye ule mstari."

Muhiddin akanigeukia. Nilimwona amependezwa. Hajawahi kufanya kazi ya bahari, amezeekea ofisini kwenye makaratasi ya watu, lakini mtu wa Wete anapenda kusikia kijana anajua bamvua. Akaingia chumbani kuswali Adhuhuri kwa kukaa, maana dari ilikuwa chini. Ibtisam naye akaingia kupasha pilau. Mimi nilibaki nje. Siwezi kukaa mahali ambapo sioni nchi kavu.

Miraji alikwenda omo, mbele kabisa ya boti, kutia nanga, nami nikamfuata nimeshika chuma. Nanga ilizama, mnyororo wake mfupi ukafuata, kisha kamba. Kwenye kamba alikuwa amefunga vipande vya kanga kuukuu ya Bi Miska, rangi hii na rangi ile, ili ajue ametoa mita ngapi. Kikapita chekundu, kikapita cha manjano, kikapita chekundu tena. Nikachungulia maji. Yalikuwa haba, ndiyo kwanza yanaanza kujaa. Muhiddin angesimama juu ya mabega ya Miraji, kichwa kingetokeza. Na kamba inakwenda tu.

"Miraji mwanangu," nikasema, "yote hiyo ya nini? Si nanga imeshafika chini?"

"Imefika, mama. Lakini hatupimi maji haya tunayoyaona. Tunapima yatakayokuja." Alionyesha ule mstari mweusi. "Maji yakijaa pale, tunaongeza na kimo cha omo, halafu tunatoa kamba mara nne, mara tano ya hapo. Kamba ikilala, nanga inavutwa kwa ubavu, inazidi kuzama topeni. Kamba ikisimama, inaing'oa."

Alieleza vizuri, kwa upole, kama anamweleza mtu kwa nini kiatu kikubwa kidogo ni bora. Nami nilimwelewa. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba nilimwelewa.

Lakini nyuma yetu palikuwa na boti nyeupe ya tanga, nzuri, inang'aa, na mzee wa Kiingereza amekaa juu yake na mbwa. Kila kamba ilivyotoka, ndivyo tulivyoisogelea. Nikaona tutakwenda kuikwaruza boti ya watu mbele ya baba mkwe, na posa ifie hapo.

"Tutamgonga yule."

"Hatumfikii, mama. Na mkondo ukigeuka, tutageuka wote pamoja. Yeye naye ametoa kamba ndefu."

"Wewe unajuaje aliyotoa yeye?" Sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda. "Hebu vuta, mwanangu. Vuta kidogo tu, roho yangu itulie."

Alisimama na kamba mkononi. Alitazama mlango wa chumbani, ambako Muhiddin alikuwa katika swala. Alinitazama mimi, mama wa msichana anayemtaka. Kijana wa Kizungu angesema hapana na mambo yakaisha. Kijana wa kwetu hambishii mama mkwe, sembuse mkwe ambaye bado hajawa mkwe. Akainama, akavuta. Vile vipande vya kanga vikarudi, kimoja baada ya kingine, vinachuruzika maji. Boti nyeupe ikawa mbali.

"Hapo," nikasema. "Umeona?"

Akaifunga kamba.

Tulikula. Muhiddin alikuwa amechangamka, anamuuliza Miraji habari za Leonard, habari za mashine, kama aliwahi kuogopa. Maji yalizidi kuja. Hayakuja kwa kelele. Ukitazama tope unaliona, ukigeuka ukanywa chai, ukitazama tena halipo. Miraji aliinuka akaenda omo, akaishika kamba kwa kiganja, akakaa nayo hivyo kama mtu anayemshika mgonjwa mshipa wa mkono. Akarudi. Baada ya muda akaenda tena. Mara hiyo nilimfuata na sahani ya maandazi.

"Mama," alisema chini chini, "naomba nilegeze kidogo. Imeanza kusimama."

Ningesema nini, zaidi ya legeza? Neno moja. Lakini nilitazama ile boti nyeupe, nikatazama tulivyotulia, nikamwambia, "Si umeona tumekaa vizuri? Acha kuhangaika, bwana. Njoo ule."

Nikamsogezea sahani. Akachukua andazi, kwa kuwa chakula cha mkono wa mama hakikataliwi. Akaja akakaa.

Wa kwanza kuona nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi sichoki kutazama. Niliona boti nyeupe inakuja. Nikafikiri mzee yule anaondoka, anapita karibu nasi kwa utovu wa adabu. Kisha nikaona yeye amekaa vilevile na mbwa wake, na ukuta wa ufuko nyuma yake ndio unaokwenda. Sisi ndio tuliokuwa tunakwenda. Nanga ilikuwa imeng'oka na mkondo unatusukuma juu ya mto, kinyumenyume, kimya kabisa.

"Miraji!"

Alikuwa ameshasimama. Aliruka kwenye mashine, akaivuta, ikakohoa ikazima, akaivuta tena ikawaka, lakini tulikuwa tumeshafika. Nyuma ya boti yetu iliikuta omo ya ile nyeupe. Muhiddin, aliyekuwa anainuka kutazama kuna nini, alirushwa kwenye mlango wa chumbani akaangukia mkono. Nilisikia mfupa. Watu husema hausikiki, mimi niliusikia. Chai ikamwagika, Ibtisam akapiga kelele, mbwa akabweka.

Mzee wa Kiingereza alitusukuma kwa mguu wake huku anasema "Sorry, sorry." Tumemgonga sisi, anaomba radhi yeye. Boti yake ilipasuka kidogo pembeni. Akatushika kwa kamba yake hadi tukatulia, ndipo akamuuliza Miraji alikuwa ametoa kamba kiasi gani. Miraji akamwambia. Yule mzee akatazama maji.

Muhiddin aliyaona hayo, ameketi chini, mkono ameukumbatia, uso umemtoka jasho.

"Ni kosa langu, baba," akasema Miraji. "Nilitoa kamba fupi."

Nilifungua mdomo. Ibtisam alikuwa amepiga magoti kando ya baba yake, ananitazama kwa macho ya mtu anayetaka mama yake afanye jambo. Nikaufunga. Nikavua mtandio wangu wa juu nikamfunga Muhiddin mkono.

Ulikuwa mkono wa kulia. Hospitali waliuwekea plasta ngumu toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nikawa namtia udhu mimi, namfunga vifungo mimi, na namlisha mimi. Muhiddin hali kwa mkono wa kushoto, hata kwa kijiko. Basi nikawa nafinyanga tonge la wali, nampa, naye anatafuna huku anamsema Miraji.

"Yule Mzungu umemwona uso? Aliuliza kamba kiasi gani. Akajibiwa. Akaona haya kwa niaba yake."

"Kula, baba Ibti."

"Kijana anajua bamvua, ananionyesha mstari ukutani, halafu anatoa kamba kama anafunga mbuzi. Mtu anayejua na hafanyi. Nimpe mtoto?"

Nikampa tonge jingine.

Miraji alipiga simu kila siku kuulizia mkono. Muhiddin hakupokea, nikapokea mimi. "Mama, baba yu hali gani?" Hakuna zaidi. Hakusema, mama, unamwambia lini. Hata pumzi yake haikuuliza. Jioni Ibtisam alijifungia chumbani, na mimi nilipita koridoni na nguo za kukunja, nikamsikia analia na mto mdomoni. Nikapita. Nguo nikazikunja.

Najua kwa nini nilinyamaza. Muhiddin si mkali. Niliogopa tu kwamba lile neno la Ibtisam limekuwa kweli, na kwamba nikisema, litabaki nyumbani kwangu daima kama samani. Nikamwachia kijana wa watu alibebe.

Alhamisi, Muhiddin aliniambia nimshikie simu sikioni, anampigia Abdulsamad. "Namwambia jibu letu ni hapana," alisema. "Si vizuri kuwaweka watu."

Nilikuwa na wali mkononi. "Usipige," nikasema. "Kamba alitoa ndefu. Ni mimi niliyemwambia avute."

Nikamweleza yote, na la andazi pia, kwa kuwa la andazi ndilo lililoniuma zaidi. Alisikiliza hadi mwisho. Nikasubiri anigombeze. Kumbe hasira zake zilikwenda kwingine.

"Basi ni vibaya zaidi," alisema.

"Vipi vibaya zaidi?"

"Asiyejua hufundishwa. Huyu alijua, akavuta kwa sababu wewe umetaka. Kesho ana mtoto ana homa, wewe utasema mpe hiki, usimpe kile, naye daktari amemwambia vingine. Atamsikiliza nani?"

Nilijua ningesema mpe hiki. Nilidhani nikitoa ukweli nitamtoa kijana shimoni. Nilikuwa nimemsukuma ndani zaidi.

"Baba Ibti, ni heshima tu. Alikuwa ananiheshimu mimi."

"Heshima imenivunja mkono," akasema Muhiddin. Kisha, baada ya kutafuna, "Mwite. Nataka kumsikia mwenyewe."

Alikuja kesho yake akitoka kazini, bado amevaa shati la duka. Alikaa ukingoni mwa kochi. Muhiddin alimkaribisha vizuri, akamuuliza hali ya boti. Miraji alisema ameshakwenda kwa yule mzee na wamepatana, atamtengenezea mwenyewe pale palipopasuka.

"Niambie," akasema Muhiddin, "siku ile ilifaa utoe kamba kiasi gani?"

Miraji akamwambia, na sababu zake.

"Na kwa nini hukutoa?"

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Miraji alitazama zulia. "Nilikosea, baba."

"Mke wangu ameshaniambia."

Hapo akainua macho, akanitazama kwa mshangao, na mimi nikatamani anitazame kwa chuki, ingekuwa nafuu. "Boti ni yangu, baba," akasema taratibu. "Kamba niliivuta kwa mkono wangu. Mama aliogopa, na kuogopa si kosa. Mimi ndiye niliyejua. Ilikuwa nimwambie hapana, na sikumwambia."

"Na akikwambia tena?"

"Nitamwambia hapana."

"Mwambie."

"Nini, baba?"

"Mwambie sasa, nisikie." Akanigeukia mimi. "Mwanamwema, mwamrishe avute kamba."

"Wewe mwanamume, umeingiwa na nini?" nikasema.

"Mwamrishe!"

Nikaweka sinia mezani. "Miraji," nikasema, "vuta kamba."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Aliifuta mikono kwenye suruali. "Hapana, mama," akasema kwa sauti ya mtu msikitini.

"Yule wa chini hajasikia," akasema Muhiddin. Anayekaa chini yetu ni Mzee Alkesh, naye ni kiziwi.

"Hapana, mama!" Miraji alisema kwa nguvu hadi vikombe vikatikisika. "Haivutwi! Kaa chini tafadhali!" Kisha papo hapo akainuka, akaushika mkono wangu akaubusu, akasema, "Nisamehe, mama, nisamehe."

Muhiddin alicheka hadi akaushika mkono wenye plasta kwa maumivu. "Umeamrishwa ukae, wewe bibi, na bado umesimama," akaniambia. Kisha akamgeukia kijana. "Mwambie Abdulsamad aje na watu wake. Ijumaa ijayo, baada ya sala."

Nikaketi. Nilicheka nao kidogo, kwa adabu, nikakusanya vikombe ambavyo chai yake haikunywewa, nikaenda navyo jikoni.

Ibtisam alikuwa huko, mlango wazi. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atanirukia kwa furaha. Hakugeuka.

"Tangu siku ile ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanisikia nikilia."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia habari ya hofu, na kwamba mwishowe nilisema, na kwamba angalia, mambo yamekwisha salama. Sebuleni wale wawili walikuwa bado wanacheka.

"Nilikuwa nakusikia," nikasema.

Alivichukua vikombe mkononi mwangu kimoja kimoja, akaviosha, akavipanga. Kisha akanipa kitambaa bila kunitazama, nikaanza kukausha.